Injini gani itavumilia Lodwar? Soma hii kabla hujatuma pesa Nairobi

Wazo lenyewe ni tamu. Unatafuta basi dogo la zamani, Toyota Coaster ama Nissan Civilian iliyostaafu kazi ya matatu, unang'oa viti, unaweka kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na sola juu ya paa. Tayari una nyumba ya magurudumu. Unabeba wageni kutoka Lodwar hadi Eliye Springs, Kalokol, hata Nariokotome kule mifupa ya Kijana wa Turkana ilikofukuliwa mwaka wa 1984, na hakuna anayeuliza hoteli iko wapi kwa sababu mmekuja nayo.

Shida ni kwamba basi la bei ya chini huja na injini ya umri wake. Asubuhi inatoa moshi mweupe, mlimani mweusi, na kila wiki inadai oili. Kisha siku moja, gari likiwa na mzigo na jua likiwa utosini, inachapa kabisa. Hapo kila mtu anageuka mtaalamu. Binamu yako anasema weka ya Prado. Dereva wa lori anaapa kwa Isuzu. Kuna msee mtandaoni ako na injini ya turbo "imeingia juzi kutoka Japan" na anataka nusu ya pesa kwa M-Pesa leo hii jioni.

Usitume bado.

Anza na maiti. Injini ya dizeli haifi hivi hivi tu. Kuna kitu kiliiua, na kama kitu hicho bado kiko kwenye gari, kitaua hata hiyo nyingine. Kwa Turkana mshukiwa wa kwanza ni joto. Rejeta hufanya kazi kwa tofauti iliyopo kati ya joto la maji na joto la hewa inayoipitia. Chukua maji ya nyuzi 90. Nairobi hewa ikiwa nyuzi 22, tofauti ni 68. Lodwar mchana hewa ikifika nyuzi 38, tofauti inabaki 52. Rejeta ileile, isiyo na tundu wala uchafu, imepoteza karibu robo ya uwezo wake kwa kuteremka tu kutoka nyanda za juu. Mimi niliacha chuo kabla ya kuhitimu, lakini hesabu hii haihitaji digrii.

Sasa fikiria rejeta yenyewe ina miaka 25 na nusu ya mirija yake imeziba. Maji ya visima vingi huku yana chumvi. Ule ukoko mweupe unaouona kwenye sufuria ya chai ndio huohuo unaojijenga ndani ya rejeta na kwenye kuta za injini, na ukoko ukishakaa, joto halipiti. Ndiyo maana dereva wa Lodwar anayejua kazi hubeba mtungi wake wa maji safi yaliyochanganywa na kulanti, wala hatumii maji yoyote yatakayopatikana njiani.

Halafu kuna ile desturi ya kung'oa themostati "ili maji yapite vizuri". Kwenye injini nyingi za Toyota, themostati ina kisahani cha chini ambacho, injini ikipata moto, huziba njia ya mkato na kuyalazimisha maji yote yapitie kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupoa. Umelipa fundi akutengenezee shida. Kwa hivyo kabla ya kuuliza bei ya injini, weka kando pesa za rejeta mpya au iliyofunguliwa na kusafishwa kabisa, pampu ya maji, themostati halisi, mipira yote ya maji na feni yenye klachi inayoshika. Kama bajeti yako inatosha injini peke yake, bado huna bajeti.

Mshukiwa wa pili ni vumbi. Fungua bomba kati ya chujio la hewa na injini, pitisha kidole. Kikitoka na unga mwekundu, injini yako ilikuwa inakula mchanga kila siku, na hapo silinda na ringi zilisagwa kama mahindi. Injini utakayoweka itakula mchanga huohuo usipobadilisha bomba lililopasuka na klipu zilizolegea. Hizi ni pesa kidogo. Zinaudhi tu kwa sababu hazina sifa. Hakuna anayepiga picha klipu aweke Instagram.

Tuje kwenye injini.

Chaguo ambalo vijana hawapendi kusikia ni kutengeneza ileile. Kama bloku haijapasuka na kranki inaweza kuchongwa, ovaholi ya injini iliyokuja na gari huwa na faida moja ambayo injini ya kuhamishwa haina: kila kitu kinaingia mahali pake. Mauntingi ni zilezile, giaboksi ni ileile, waya hazikatwi, namba ya injini haibadiliki. Karakana za kuchonga kranki na kutoboa silinda utazipata Kitale na Eldoret, kwa hivyo injini yako itapanda gari jingine kwenda na kurudi. Mwambie fundi akupe vipimo vilivyoandikwa, silinda baada ya silinda. Ukipewa tu "hii bado iko sawa", huna kipimo.

Lakini kama bloku imekwisha, huna budi kutafuta nyingine. Na hapa nina msimamo, nitausema wazi: Turkana ilishakuchagulia injini kabla hujazaliwa.

Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulianzisha Operation Lifeline Sudan, na Lokichoggio ikawa kambi yake kubwa upande wa Kenya. Mwaka 1992 Kambi ya Kakuma ikafunguliwa. Kwa miaka hiyo yote mashirika ya misaada yamekuwa yakileta Land Cruiser nyeupe za familia ya 70, moja baada ya nyingine. Nyingi hupitia kwa kampuni iliyoko Gibraltar ambayo kazi yake ni kuwauzia watu wa misaada magari ya Toyota. Na ndani ya nyingi ya Land Cruiser hizo kuna injini moja: 1HZ. Silinda sita kwa mstari, lita 4.2, haina turbo, haina kompyuta ya kusimamia dizeli. Imetengenezwa tangu 1990.

Hesabu matokeo yake. Miaka zaidi ya thelathini ya injini moja kwenye barabara moja. Fundi wa Lodwar ameifungua, wa Kakuma ameifungua, wa Loki ameifungua usiku kwa tochi. Chujio, belti, gasketi ya hedi, nozo, vipuri hivi vinatafutwa kila siku, na kwa hivyo vinauzwa. Gari la shirika likizeeka linapigwa mnada, linavunjwa, vipande vyake vinabaki hapahapa. Hakuna aliyekaa kwenye mkutano akaamua iwe hivyo. Ndivyo ilivyotokea tu, na wewe mwenye basi la kulala unaweza kula matunda yake.

Na bahati iliyoje: Toyota waliiweka injini hiyohiyo ya 1HZ kwenye Coaster pia, ile ya mfululizo wa HZB50 iliyoanza miaka ya tisini. Kama basi lako ni hilo, mjadala umefungwa. Tafuta 1HZ nyingine, uliza imetoka Coaster au Land Cruiser, kwa sababu sampu, mauntingi na mabomba vinaweza kutofautiana hata kama bloku ni moja. Kama Coaster yako ni ile ya silinda nne, yenye 14B ama 15B, mambo si rahisi hivyo. Injini ya silinda sita ni ndefu zaidi, inataka nafasi na rejeta yake. Hapo mimi ningetafuta injini ya aina ileile iliyokuwemo kabla ya kuanza kuchomelea.

Nisikudanganye kwamba 1HZ ni malaika. Ni nzito, inakunywa, na haina haraka. Ina nguvu za farasi kama 130 hivi ikiwa mpya, usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa sababu hewa inapungua. Lodwar iko mita 500 hivi. Ukienda Kitale unapita Marich, Ortum, Chepareria, kisha unapanda mlima wa Kamatira kuelekea Kapenguria, zaidi ya mita 2,000. Huko juu zile 130 zimebaki kama 105, na wewe umebeba lita 200 za maji, ambazo ni kilo 200, kitanda, betri na wageni wanne na mabegi yao. Utapanda kwa gia ya pili, malori yakikupigia honi. Hilo likikuuma sana, panda usiku.

Kuna watakaokushauri uifunge turbo. Fikiria mara mbili. 1HZ huchoma dizeli kwanza kwenye vyumba vidogo vilivyo ndani ya silinda hedi, na joto la ziada la turbo linaangukia hapohapo. Hedi zinazopasuka baada ya turbo ya kubandikwa ni hadithi inayojulikana kuanzia Australia hadi huku. Anayetaka turbo anunue injini iliyoundwa na turbo kiwandani, kama zile za 1HD za Land Cruiser kubwa, na akubali kwamba vipuri vyake vitakuja kwa basi kutoka Nairobi, na kwamba matoleo ya kwanza yalisifika kwa bearing za kranki kuisha mapema.

Ile ya Prado aliyoisema binamu? Inategemea Prado gani. 1KZ ya lita 3.0 ina turbo, ni nyepesi, ni nyingi sokoni, na ni tamu kweli kwenye gari dogo. Sifa yake mbaya ni silinda hedi kupasuka ikizidiwa na joto. Ipe basi la tani tatu na nusu na jua la saa nane mchana kati ya Lodwar na Kakuma, uone. Ile iliyofuata, 1KD, ina mfumo wa kisasa wa komoni reli, ambapo dizeli hupulizwa kwa mgandamizo wa zaidi ya mara elfu moja ya hewa ya kawaida. Nozo za 1HZ hufunguka kwa mara 150 hivi. Tofauti hiyo ndiyo inakupa nguvu nyingi kwa mafuta machache, na ndiyo inafanya injekta iogope uchafu kuliko paka anavyoogopa maji.

Na uchafu upo. Kenya ilihamia dizeli yenye salfa ndogo, sehemu 50 kwa milioni, mwaka 2015, na hilo lilisaidia. Lakini uchanganyaji wa mafuta taa kwenye dizeli ulikuwa umekithiri hadi serikali mwaka 2018 ikaweka ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili biashara hiyo isilipe. Mafuta taa hayana ulainisho ambao pampu ya dizeli inategemea. Ongeza maji na vumbi vya dizeli ya mitungi kando ya barabara. Pampu ya zamani italalamika, itatoa moshi, itakufikisha. Injekta ya komoni reli itazima gari, na utahitaji mtu mwenye mashine ya kusoma kompyuta, na kompyuta yenyewe na waya zake zote ulizohamisha kutoka gari jingine. Hii si injini mbaya. Kwa mtu wa Nakuru ningesema mengine.

Isuzu ndiyo mshindani halali. Injini za malori madogo na matatu za N zina mafundi kila mji wa Kenya, na magari hayo huunganishwa Nairobi na Isuzu East Africa, kampuni iliyoitwa General Motors East Africa hadi 2017. 4HF1 ya lita 4.3 haina turbo, haina ujanja, inavuta. Kama basi lako si Toyota na lina nafasi, ni wazo zuri. Ila ukitoa injini ya kampuni moja ukaweka ya nyingine, hununui injini tu. Unanunua giaboksi yake, unakata na kuunganisha shafti, unachomelea mauntingi mapya, unabadilisha pedali ya klachi na hata saa za dashibodi. Angalia umeme pia: lori nyingi ni volti 24, na Coaster zilizotoka Japan nyingi ni 24 vilevile, lakini kuna magari ya volti 12, na sola yako na friji vimepangwa kwa moja kati ya hizo. Ukichanganya, unachoma alternator ama unachoma friji. Nissan Civilian yenye TD42 ni hadithi ileile: kaa na TD42.

Kuhusu mafuta, watu hubishana sana bila kupiga hesabu. Tuseme 1HZ kwenye basi lako inakunywa lita 14 kwa kilomita 100 na injini ndogo ya turbo lita 11. Lodwar hadi Kitale na kurudi ni kama kilomita 600, kwa hivyo tofauti ni lita 18 kwa safari. Zidisha kwa bei ya Lodwar inayotangazwa na EPRA kila tarehe 14 ya mwezi, kisha kwa safari zako za mwaka. Linganisha na bei ya injekta nne. Usilinganishe na hisia.

Umeamua. Sasa ununuzi, maana Nairobi, kwenye maduka ya Kirinyaga Road na Industrial Area, kila injini "haijawahi kuguswa". Itake ikiwa baridi. Ukifika ukute tayari ina moto, uliza kwa nini. Iwashwe mbele yako, juu ya stendi, na ufungue kifuniko cha oili ikinguruma: moshi mwepesi ni kawaida ya mtumba, lakini moshi unaosukuma kama sufuria ya githeri unamaanisha ringi zimekwisha. Pima kompresheni kila silinda. Silinda sita zinazokaribiana ni bora kuliko tano nzuri na moja iliyolala. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa, acha hapo hapo. Rangi mpya ya silva kila mahali, piga bei chini au ondoka, kwa sababu mtu ameficha kitu. Ikiwa ni 1HZ, belti ya taimingi ibadilishwe kabla injini haijaingia kwenye gari, pamoja na rola yake, hata kama muuzaji anaapa ni mpya. Hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ikikatika valvu zinakutana na pistoni. Kununua belti ni jambo dogo. Kuibadilisha ndani ya Coaster, chini ya kifuniko kilicho kati ya viti vya mbele, ni siku nzima ya matusi.

Karatasi, haraka. Namba ya injini imeandikwa kwenye logibuku, kwa hivyo ukiibadilisha lazima NTSA wajue na gari likaguliwe. Dai risiti na hati za kuingiza injini nchini kabla hujalipa. Muuzaji asiyekuwa nazo anakuuzia kesi. Kama unavunja ama kununua gari la mnada wa shirika, uliza kuhusu ushuru kwanza. Magari mengi ya misaada huingia bila kulipiwa ushuru, na yakienda kwa mtu wa kawaida KRA wanaudai. Ambia bima pia. Gari lililokuwa matatu na sasa lina kitanda si gari lile waliloliandika.

Nani aifunge? Lodwar ina mafundi, lakini usiidharau Kakuma. Kule kuna watu waliofanya kazi kwenye gereji za Juba, Addis Ababa, Mogadishu na Bukavu kabla vita havijawatoa, na Don Bosco wamekuwa wakifundisha vijana umekanika ndani ya kambi kwa miaka mingi, wakimbizi na wenyeji pamoja. Kuna jambo moja lazima ulijue, hata hivyo. Fundi mkimbizi hawezi tu kupanda gari kuja Lodwar kukuokoa. Anahitaji kibali cha kutoka kambini. Kwa hivyo gari liende kwake, likiwa linavutwa, na mpange siku za kazi mapema, bei ya kazi ikiwa imeandikwa. Mlipe kama unavyomlipa fundi wa mjini. Kuna watu hufika Kakuma wakidhani ukimbizi ni punguzo la bei, na hiyo ni aibu.

Injini ikishaingia, safari ya kwanza isiwe Kitale. Ondoka Kakuma asubuhi mapema, gari tupu, urudi Lodwar, kama kilomita 120 za tambarare. Mbele ya saa ya joto ya dashibodi, ambayo huenda haisemi ukweli, weka kipimo kingine chenye king'ora. Kama mvua imenyesha huko juu, usiingie kwenye laga yenye maji hata ukiona Probox imepita; injini ikivuta maji kupitia chujio la hewa, fimbo za pistoni hupinda na unarudi kwenye aya ya tatu ya makala hii. Ukifika, acha injini ipoe usiku mzima, kisha kagua maji, oili, mipira na boliti za mauntingi. Badilisha oili kilomita 1,000 za kwanza. Ndipo ujaze tangi la maji, upakie kila kitu ambacho wageni watakuja nacho, na uipeleke Kamatira.